Sauti ya Manase

“Mwenzangu, huyo kaka yako mligombania nini?”

Aliyeuliza ni Luz, jirani Mfilipino wa ghorofa ya chini kule Sidni, siku moja wakianika nguo. Alikuwa amegundua kwamba kila Jumapili Losaline hupiga simu nyumbani Tonga, akicheka na wifi yake mpaka machozi yanamtoka, lakini kaka mtu hapewi simu hata siku moja.

“Hatujagombana,” Losaline alimjibu. “Tunaheshimiana.”

“Heshima ya kununiana?”

Losaline akabana kibanio kwenye shuka, akacheka tu. Utamweleza nini mtu ambaye kwao kaka na dada hupigana kwa mito mpaka wanaota ndevu? Kwao Losaline, mtoto wa kiume akianza kupevuka huhamishiwa kibanda cha wavulana, na tangu siku hiyo dada yake ni mtu wa kuinamiwa. Hakai naye chumba kimoja. Hasemi mbele yake habari za mwili, hata jino likimuuma. Dada akiingia, kaka anatoka. Na dada akiagiza neno, kaka hana ubavu wa kukataa, maana dada ndiye mkubwa, hata kama kazaliwa nyuma.

Heshima ni njema, na Losaline hakuwahi kuitilia shaka. Ila tangu alipomzika mumewe, nyumba yake ilikuwa kimya mno, na ndani ya kimya hicho ikamea hamu ambayo hakuitaja hata kwenye sala za akina mama. Alitamani kuisikia sauti ya Manase. Si ya kuimba; ile aliijua, besi nzito inayotoka benchi za wanaume na kutikisa madirisha ya kanisa. Alitaka sauti ya kuongea, ya mtu akisimulia jambo lake. Mara ya mwisho kuisikia ilikuwa ingali nyembamba, sauti ya mtoto anayelia njaa.

Basi kanisa lao lilipotangaza kwamba safari ya mwaka huo ya kujitolea kutibu watu itakwenda Haapai, visiwani kwao hasa, Losaline alikuwa wa kwanza kusimama. Hakuwa daktari wala muuguzi. Kazi yake ilikuwa kwenye nyumba ya wazee: kuwageuza, kuwaogesha, kuwafunga vidonda vya mgongoni. “Nitafunga vidonda na kutafsiri,” alisema, na waumini wakampigia makofi. Ile sababu nyingine akaiacha moyoni.

Gatini alipokewa na Fusi, mke wa Manase, akamvika shada la maua na kumkagua juu mpaka chini.

“Ehe! Wifi umenenepa kama meli ya mizigo! Huko Sidni mnalala jikoni?”

“Na wewe umekauka kama samaki wa juzi. Kaka yangu hakulishi?”

Fusi alicheka, kisha kicheko kikamfia mdomoni. Akamvuta pembeni, nyuma ya magunia ya viazi vikuu.

“Wifi, kaka yako ana kisukari. Unyayo una donda, na haendi zahanati. Amelizonga kitambaa, anavaa buti za mvua jua likiwaka, anafikiri sisi tumeziba pua. Nimemwambia hawa madaktari wa kanisa wamekuja na wewe. Akasema, kama dada yangu yumo humo, mimi nitaingiaje?”

Wakapanga. Losaline angetafsiri upande wa wanawake tu, mwisho wa ukumbi wa kanisa, na Mchungaji Sitiveni upande wa wanaume. Kati yao shuka zilitundikwa kwenye kamba. Kwa mpango huo Fusi alimwahidi mumewe kwamba hatakutana na dada yake.

Siku ya pili, mchana, akina mama wa kijiji walifukua tanuri la ardhini ili kuwalisha wageni. Nguruwe hakatwi mpaka mchungaji aombe. Kwa hiyo Mchungaji Sitiveni akaitwa nje, na Dokta Graham, mtu mpole mwenye haraka, akabaki na mgonjwa asiyejua Kiingereza. Hakujua lolote kuhusu mipango ya shuka.

“Losaline! Njoo unisaidie hapa!”

Losaline alifunua shuka akiwa na beseni mkononi. Kitu cha kwanza alichoona ni unyayo. Ulikuwa mweusi pembeni, mwekundu katikati, na ulinuka kama ua lililosahaulika kwenye maji. Cha pili alichoona ni mkeka wa kiunoni, vazi la heshima la kwao, na kwenye mkeka ule pindo alilolisuka mama yao.

Alikuwa Manase. Aliinamisha kichwa, akaokota buti lake, akatoka mlango wa pembeni akichechemea, mguu mtupu ukiacha alama za maji maji juu ya saruji.

“Nimemkosea nini?” Dokta aliuliza.

“Hujamkosea wewe. Nimemkosea mimi. Ni kaka yangu.”

Alimweleza kwa kifupi. Dokta akajikuna shingo. “Lakini Losaline, leo wewe si dada, leo wewe ni mhudumu wangu.”

“Dokta, udada hauvuliwi kama aproni.”

“Basi nisikilize. Nyama imeanza kufa. Nikiikata leo, halafu akapanda meli ya Ijumaa kwenda hospitali Nukualofa, mguu utapona. Akingoja, wataukata gotini. Akingoja zaidi ya hapo, mtamzika.”

Losaline akamtuma Fusi mbio. Amri ya dada: arudi atibiwe, leo hii. Fusi alirudi akihema.

“Amesema hivi. Kwa dada yangu sina neno la hapana. Nitakuja. Lakini sitafunua mwili wangu chini ya paa moja naye. Akiwa ndani, nitarudi nyumbani na mguu wangu, na Mungu ataamua.”

“Mwambie naondoka. Naenda kwako kumenya magimbi.”

Akavua aproni. Fusi akaiangalia ile aproni, akamwangalia wifi yake, na kwa kuwa ndiye aliyemsoma miaka yote ile kwenye simu, akaona kitu usoni mwake.

“Wifi,” alinong'ona, “ile stoo ya viti humu ukumbini, nyuma ya upande wa wanaume, ukuta wake ni mbao tupu. Utamsikia kama yuko sikioni.”

“Fusi!”

“Nani atajua? Yeye atatibiwa, wewe utasikia. Dhambi iko wapi?”

Losaline alijua iko wapi. Aliomba msamaha kabla hajakosa, sala ambayo Mungu haipendi sana, akaingia stoo na kuketi juu ya kiti kilichovunjika mguu.

Manase akaja. Losaline aliusikia mkongojo wake, halafu benchi likilia chini yake, halafu mchungaji akitafsiri kwa Kiingereza chake cha kubahatisha. Na kisha, karibu kiasi kwamba angeweza kuigusa kupitia mbao, akasikia sauti. Ilikuwa nzito lakini ya taratibu, yenye mkwaruzo mwishoni mwa maneno, sauti ya baba yao kabisa. Losaline akaziba mdomo wake kwa kiganja.

“Mwambie daktari asinionee huruma,” Manase alikuwa akisema. “Akate. Nguruwe mimi nimekata wengi, leo ni zamu yangu.”

Wanaume wakacheka. Fusi akadakia, “Nguruwe walikuwa wananona lakini!”

“Kelele, mwanamke. Shika beseni.”

“Daktari anauliza,” mchungaji akasema, “kwa nini umeliacha donda mpaka likawa hivi?”

Mkongojo ulisikika ukilazwa sakafuni.

“Niliogopa. Nikikatwa mguu, dada yangu akifa huko ugenini na kuletwa nyumbani, nani atambeba? Hana mtoto. Hana mume sasa. Nina mimi tu.”

Nyuma ya mbao Losaline alikuwa akilia bila sauti, kazi aliyojifunza vizuri tangu awe mjane.

“Daktari anasema usiangalie kisu, ongea. Anataka umsimulie habari za huyo dada.”

“Za dada?” Manase akacheka chini chini. Losaline hakuwahi kukisikia kicheko hicho. “Mwambie kuna siku moja, tulikuwa wadogo sana, tufani imeezua paa, tumejificha chini ya mtumbwi uliopinduliwa, mimi na yeye. Nalia. Basi akaniambia neno moja, neno hilo mpaka leo…”

Mkasi wa kukatia kitambaa ukasikika, naye akakatiza.

Losaline aliegemeza paji la uso kwenye mbao. Tufani aliikumbuka. Mtumbwi aliukumbuka. Neno lenyewe lilikuwa limemtoka kabisa, na mtu pekee duniani aliyekuwa nalo alikuwa hatua mbili kutoka kwake, karibu kulisema.

“Fusi,” Manase aliita, na sauti yake ilikuwa imebadilika. “Kabla hawajafungua hiki kitambaa. Dada yangu ametoka humu ndani?”

 Beseni lilisikika likigonga meza.

“Nakuuliza, mke wangu. Chini ya paa hili, dada yupo au hayupo? Nikujue wewe kwa ukweli wako.”

“Ngoja nimwage haya maji kwanza,” Fusi akasema, na Losaline, aliyemjua mwanamke yule kwa maneno yasiyokauka, akasikia jinsi alivyokuwa akitafuta pa kukanyaga. Katika ndoa yao yote Fusi alimtania mumewe, alimgombeza, alimpigia kelele mpaka majirani wakatoka nje. Hakuwahi kumdanganya. Sasa alikuwa karibu kumdanganya, na sababu ilikuwa imeketi juu ya kiti kibovu ikingojea hadithi.

“Fusi. Nanyanyuka.” Benchi likalia.

Losaline alisimama. Alishika ukuta kwa mkono mmoja kwa kitambo kifupi, mahali palipokuwa na ile sauti. Kisha akainua komeo la mlango wa nyuma, ule unaotazama baharini, akatoka juani kabla Fusi hajajibu.