Joto Lililotoka Mbali

Kila alfajiri, kabla jua halijashika nguvu, Kipngeno alimwagilia visiki maji. Vilikuwa visiki vya miti ya kale iliyoizunguka chemchemi ya marehemu baba yake, na hakuna hata kimoja kilichosalia na uhai. Alijaza kopo, akamimina polepole kwenye kisiki kimoja, akahamia cha pili, kama mtu anayenywesha wagonjwa wodini. Maji yenyewe aliyabeba begani, kwa mtungi wa plastiki, kutoka mtoni hadi huku kilimani, maana chemchemi ilikuwa imekauka. Zizini ng'ombe walilia kwa kiu. Mkewe, Cherotich, alimtazama kutoka mlango wa jikoni.

Ulikuwa mwaka wa tisini na tisa. Mvua za El Niño zilizobomoa madaraja zilikuwa zimekwisha kupita, na nyuma yake kikafuata kiangazi ambacho watu wa Ndanai hawakuwahi kukiona. Nchi yao ya sweta na ukungu wa asubuhi iligeuka tanuri. Chai iliungua ingali kichakani, ikawa na rangi ya tumbaku. Kijito kilichotoka chemchemini kiliacha kutiririka, kikabaki madimbwi, na katika madimbwi hayo wakazaliwa mbu ambao zamani walisikika huko Soin tu, bondeni kwenye joto. Malaria ikapanda mlima.

Chemutai, mtoto wao wa pekee, alikuwa na miaka sita. Alipoanza kutetemeka, mama yake alidhani ni mafua. Alimpa uji wa moto, akamfunika blanketi, akaongeza na la pili. Walipomfikisha zahanati, mtoto alikuwa hamtambui mtu.

Mwaka uliotangulia Kipngeno alikuwa ameikata ile miti ya chemchemini ili apanue shamba la chai. Joto lilipozidi, majirani walinong'ona kwamba ameliita kwa shoka lake mwenyewe. Cherotich hakunong'ona. Siku ya mazishi ya Chemutai, mchungaji akiwa bado ameshika Biblia, alimgeukia mumewe mbele ya watu wote akamwambia, "Ulipokata miti ya baba yako, ulimkata na mtoto."

Kipngeno aliinamisha kichwa, na tangu hapo hakukiinua tena. Akaanza kuchota maji ya visiki. Chakula alikigusa kwa heshima tu.

Siku moja Cherotich alipeleka kapu lake la majani, nusu tupu, kwenye kituo cha kuuzia chai. Alimkuta hapo Obiero, mtu wa ofisi ya hali ya hewa, aliyekuja kukagua kipimo cha mvua. Wakulima walimzunguka wakisubiri lori la kiwanda.

"Bwana Obiero," aliuliza mzee Johana, akiegemea baiskeli yake, "mvua yetu imeenda wapi?"

"Inanyesha kwingine, mzee. Bahari kubwa iliyo upande wa pili wa dunia imepoa kuliko kawaida yake, na pepo zimebadilisha njia. Hewa inapanda kwa wingi mbali sana huko mashariki, kwenye visiwa vya Asia, na mvua inamwagika huko huko. Lakini hewa iliyopanda lazima ishuke mahali. Sasa inashukia kwetu."

"Na ikishuka, kuna nini?"

Obiero alichomoa pampu ya baiskeli, akaziba tundu lake kwa kidole gumba, akasukuma kwa nguvu mara kadhaa, kisha akampa mzee aishike.

"Imepata moto," alisema Johana.

"Hewa ikibanwa hupata joto. Hii inayotushukia inabanwa vivyo hivyo. Wingu linakauka kabla halijawa mvua, na sisi tunaachiwa jua peke yake."

Cherotich hakuwa amezungumza kituoni hapo tangu mazishi. "Na miti?" aliuliza. "Mtu akikata miti?"

Watu walitazama chini. Kila mmoja alijua miti ya nani.

"Miti huilinda chemchemi, mama, si vizuri kuikata. Lakini miti michache haiwezi kuleta joto la nchi nzima. Juzi nilikuwa Londiani. Huko misitu bado imesimama, na watu wanalia kama ninyi."

Cherotich alirudi nyumbani na maneno hayo, akayafungia kifuani. Jioni alimpakulia mumewe ugali, akanyamaza. Kesho yake akanyamaza tena. Alijiambia anangoja wakati unaofaa, ingawa moyoni alijua anachokihofia. Hatia ya Kipngeno ilikuwa paa lililomkinga. Ikiondolewa, swali la nani mwenye kosa lingerudi nyumbani likitafuta mtu mwingine, na lingeikuta ile mikono iliyomfunika blanketi mtoto anayeungua kwa homa.

Kisha adhuhuri moja Kipngeno hakurudi kutoka mtoni. Cherotich alimfuata, akamkuta ameanguka njiani, mtungi umepasuka kando yake, udongo umekwisha kuyanywa maji yote. Midomo yake ilikuwa imechanika kwa ukavu. Alimkokota hadi kwenye kivuli cha ukingo, akalowesha kitambaa chake mtoni, akamkamulia kinywani mpaka macho yakafunguka.

"Baba Chemutai," alisema, "si miti."

Akamweleza yote: bahari iliyopoa, hewa inayoshuka, pampu ya mzee Johana, misitu ya Londiani. Alieleza kwa shida, akirudiarudia. Kipngeno alisikiliza bila kusogea, na uso wake haukupata nafuu ambayo Cherotich aliitarajia. Ulizidi kuwa mtupu.

"Basi ni nani?" aliuliza.

"Hakuna mtu."

"Lazima awepo."

Cherotich alivitazama viganja vyake. "Mimi ndiye niliyemfunika. Alikuwa anaungua, nami nikamfunika."

Upepo wa moto ulipita juu ya vichaka vya chai, ukaangusha majani makavu.

"Lile blanketi la pili nililileta mimi," alisema Kipngeno. "Nililitoa kitandani kwetu."

Hawakutazamana. Alijiinua taratibu akaketi, bega lake likagusa la mkewe, naye Cherotich hakulisogeza lake.

"Alikuwa ameanza kupiga mluzi," alisema Kipngeno baadaye. "Nilimwambia msichana hapigi mluzi, akawa anakwenda kujificha kwenye chai ndipo apige."

Cherotich hakuwa amelijua hilo. "Wimbo gani?"

Kipngeno alikaza midomo yake iliyochanika. Ikatoka pumzi tupu. Akalowesha midomo kwa ulimi, akajaribu tena.