Tairi la Nyuma Kushoto

Mtaani walimwita Kidole. Fundi huyu wa bodi za magari hakuwa na imani na rula wala futi. Gari likija limefungwa rimu pana, tairi limejaa hadi linakwaruza bati la madigadi linalolifunika kila likivuka tuta, yeye alichuchumaa na kupitisha kidole cha shahada kati ya tairi na bati. Kikipita, gari liende zake. Kikikwama, libaki. Mafundi wenzake walimcheka sana, halafu magari yaliyowashinda wakayaleta kwake.

Siku shemeji yake alipoingia gereji na lile gari jeupe, Kidole alikuwa ameshika kikombe cha chai. Alikiweka chini upesi kabla hakijamponyoka. Miaka sita alikuwa hajaonana na mjane wa mdogo wake, na gari lile alikuwa amejiaminisha kwamba limeshauzwa kama chuma chakavu.

"Shemeji, umepotea," alisema.

"Nimepotea mimi, au nyinyi ndio mlionipoteza?" Alicheka, lakini kicheko chenyewe kiliishia kwenye meno.

Alieleza shida yake palepale, akiwa bado ameshika mlango. Gari lilikaa miaka yote hiyo uani kwa kaka yake wa kuzaliwa. Fundi mwingine alikuwa amelinyoosha mbele na kulipaka rangi. Sasa anashona sare za shule, anahitaji kuzisambaza, kwa hiyo amelitoa.

"Ila inasugua. Nyuma, kushoto. Mafundi watatu wameiangalia, wote wanasema hawaoni kitu. Wa mwisho kaniambia, mambo ya madigadi nenda kwa Kidole. Nikamwambia huyo shemeji yangu. Akasema, basi una bahati."

"Inasugua ukipakia mzigo?"

"Hapo ndipo penyewe. Nikipakia, kimya. Nikibeba mtu, kimya. Nikiwa peke yangu ndiyo inaanza."

Mtu yeyote aliyewahi kupiga jeki anajua kwamba jambo hilo haliwezekani. Gari hukwaruza likilemewa, springi zinapobonyea na bati kulifuata tairi. Likiwa tupu huinuka, na tairi na bati huachana kama watu waliogombana. Kidole alitaka kumwambia hivyo, lakini akaenda kuchukua chaki.

Alifanya anavyofanya siku zote. Alipaka tairi chaki nyeupe pembeni, akapakia mifuko minne ya mchanga nyuma, akalipeleka kwenye tuta la mwisho wa mtaa na kurudi. Kimya. Chaki ilikuwa vilevile alivyoipaka. Akashusha mchanga, akaondoka tena peke yake, na hata tuta hakulifikia. Kwaruu. Kwaruu. Taratibu, kila tairi lilipomaliza mzunguko. Alisimamisha gari, akashuka. Kwenye chaki kulikuwa na mstari mwembamba kama uzi, umechanwa kuzunguka tairi zima. Akapitisha kidole. Kilipita, na nafasi ikabaki.

Ndipo alipokigeuza kidole na kupapasa ukingo wa bati kwa ndani. Chini ya puti na rangi ya yule fundi mwingine aliukuta ukingo mkali. Kila fundi anaijua kazi yake hata akifumba macho, na ile ilikuwa kazi yake.

Miaka sita nyuma, siku ya Jumamosi, mdogo wake alikuja na rimu mpya pana, amefurahi kama mtoto wa Idi. Ukingo wa madigadi una mkunjo kwa ndani, na mkunjo huo ndio unaokwaruza tairi. Kazi ya halali ni kuupasha moto na kuulaza kidogo kidogo kwa nyundo mpaka ulale wote, na hiyo ni nusu siku. Kidole alikuwa anawahi mpira. Akashika grenda, akaukata mkunjo wote kwa dakika kumi, ukingo ukabaki mkali kama wembe. "Nenda nayo hivyo hivyo," alimwambia mdogo wake. "Kesho njoo niupige tupa ukingo, ulainike. Ila usipakie kitu nyuma." Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walisema, lakini hawakusema kwamba ukuta wenyewe unaweza kuwa wa kaburi. Saa moja baadaye tairi la nyuma kushoto lilichanika, gari likaacha barabara na kugonga mti. Kidole alifika na kukuta mkaa umetapakaa lami nzima. Hakuuliza mkaa ule ulitoka wapi. Siku ile hakutaka kuulizwa wala kuuliza.

Na kweli hakuulizwa. Msibani mama yao alisimama mbele ya watu wote akamnyooshea kidole mkwewe: "Wewe na simu yako ndio mmemuua mwanangu." Maana mke alikuwa amempigia mumewe aharakishe. Tangu siku hiyo mjane hakukanyaga tena nyumba ya mkwewe. Kidole alikuwa amesimama hatua tatu tu kutoka hapo, akainamisha kichwa, na watu wakadhani ni uchungu wa msiba.

Alilirudisha gari gereji, akatoa tairi, akaanza kubandua puti. Shemeji yake alivuta benchi akakaa karibu. Bati lilipopata moto, vumbi jeusi lilimwagika kutoka kwenye kona ya ndani, likampaka Kidole viganja. Alilisugua kati ya vidole. Lilikuwa vumbi la mkaa.

"Unajua nilimpigia kwa nini?" shemeji yake aliuliza, kana kwamba wako katikati ya mazungumzo. "Funguo alikuwa nazo yeye. Niko nje mlangoni, mvua inaanza. Nikamwambia fanya haraka bwana, nalowa. Basi. Kulowa tu, shemeji. Kanga moja na kichwa." Alilisogeza benchi karibu zaidi. "Ikianza kusugua huwa naiomba msamaha. Ndani ya gari, kama mwendawazimu. Naiambia, ningelowa, baba, ningelowa hata usiku kucha."

Kidole alizima moto. Mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye alikuwa amekufa kidogo kidogo kwa miaka sita bila mtu kumzika. Aliogopa. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani.

"Shemeji, si simu," alisema. "Ni mimi." Akamwonyesha ukingo. Akamweleza grenda, mpira, tupa ya kesho, yote, bila kujitetea.

Mwanamke hakulia wala hakumtukana. Alitazama lile bati kwa muda mrefu.

"Na ulikuwa umesimama pale mama alipokuwa ananisema."

"Nilikuwepo."

"Malizia kazi yako," alisema. "Kisha tutakwenda kwa mama, ukamwambie kwa mdomo wako."

Ilimchukua nusu siku kamili, ile ile aliyoinyima kazi hiyo mara ya kwanza. Alipiga tupa, akalaza kilichobaki, akapapasa kwa kidole mara kumi mpaka ukingo ukawa laini kama mdomo wa bakuli. Jua lilikuwa bado juu walipoondoka. Yeye aliketi nyuma, kushoto, juu ya tairi lile lile, akisikiliza. Gari lilikwenda kimya njia nzima.

Mama yao alikuwa barazani akichambua mchele. Alipomwona mkwewe akishuka aliacha ungo, akasimama, akaushika mlango.

"Huyo asiingie."

"Mama, subiri," Kidole alisema. "Si yeye aliyemuua. Ni mimi. Nililikata bati kwa grenda, nikaliacha kama wembe."

"Najua," mama alisema.

Kidole alidhani hakusikia vizuri.

"Alipita hapa kutoka kwako. Alinionyesha, anacheka. Eti kaka kaacha wembe, kaenda mpira, kasema nisipakie kitu." Mama aliongea akiwa ameutazama mchele, hakumtazama hata mmoja wao. "Nilikuwa nimewawekea mkaa, yeye na mkewe. Magunia mawili. Akaniambia, mama, kesho. Nikamwambia, magunia mawili tu, mwanangu, unanikatalia magunia mawili? Akayapakia."

Kidole alitazama viganja vyake. Weusi ulikuwa bado kwenye kucha.

"Kwa nini ukasema ni mimi?" mjane aliuliza, taratibu.

"Nilibaki na mtoto mmoja," mama alisema. "Na mimi ni mama yao. Wewe ulikuwa mtoto wa watu."

Mjane alitikisa kichwa, kama mtu aliyepewa jibu la swali alilokwishaacha kuuliza. Alinyoosha mabega, na Kidole akaona jinsi alivyokuwa mrefu. Miaka yote hiyo alikuwa ametembea ameinama. "Basi mimi sidaiwi msamaha tena," alisema. Hakuaga. Aliingia garini peke yake, akawasha, akageuza.

Kidole alisimama kwenye ngazi ya baraza akatega sikio kwa nguvu zake zote. Gari lilivuka tuta la kwanza, likavuka la pili, tupu, mtu mmoja tu ndani. Hakuna mkwaruzo. Kazi ilikuwa safi. Aliendelea kusikiliza mpaka lilipokata kona na mlio wa injini ukaisha.

Nyuma yake ungo ulianguka, na mchele ukamwagika sakafuni.

"Huisikii?" mama yake alisema. Alikuwa ameziba masikio kwa viganja vyote viwili. "Hiyo gari mbona inasugua hivyo? Mwambie asimame, mwanangu. Mwambie ashushe yale magunia."