Mgeni Mzito wa Kilundwa

WANANCHI WOTE WA KIJIJI CHA KILUNDWA MNATANGAZIWA kwamba Jumamosi saa nne kamili asubuhi tutapokea mgeni mzito. Kila kaya ilete jembe, sururu au karai, korongo lifukiwe kabla hajafika, kwa kuwa mgeni huyu hapandi mlima kwa miguu. Atakayekosa bila ruhusa atapiga deki wiki mbili. Kwa amri.

Lilikuwa tangazo la heshima, lenye muhuri wa bluu, limebandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kijiji. Kasoro zake zilikuwa mbili tu. Kwanza, Kilundwa nzima sakafu ya kupigwa deki ilikuwa moja, ya zahanati. Pili, muhuri ulichongwa kwenye nusu ya kiazi.

Mchongaji aliitwa Zuleha, wa kidato cha tatu, aliyerudi likizo kwa bibi yake, Bi Asia. Huko shule ya bweni alijifunza mengi, na machache kati ya hayo yalikuwemo kwenye mtaala. Muhuri wa kiazi, wa kugongea vibali vya kutoka getini, haukuwemo, lakini ndilo somo alilofaulu kuliko yote.

Asidhani mtu kwamba ulikuwa utundu mtupu. Utundu ulikuwemo, hatukatai. Lakini mashine ya kusaga ya kikundi cha akina mama ilikuwa imelala Bigwa, huko chini ya mlima, miezi miwili ndani ya turubai, kwa sababu korongo lilikata barabara. Kila wiki Bi Asia, mwenye miaka sitini na tisa na goti lenye malalamiko mengi, aliteremka mlima na debe la mahindi kichwani, akapanda na unga. Masika yalikuwa yanabisha hodi. Yakiingia, korongo lingegeuka mto, na goti la bibi lingengoja mpaka mwakani.

Mtendaji wa kijiji, Bwana Godlisten, alikwisha kuitisha kazi ya kufukia mara tatu. Mara ya kwanza walikuja watu sita, ya pili wanne, ya tatu akaja yeye na mbwa wa jirani.

Sasa Mtendaji alipoliona tangazo, alidhani limeandikwa na Mwenyekiti Mansuri. Mwenyekiti naye alidhani limeandikwa na Mtendaji. Kila mmoja aliona haya kukiri kwamba hakushirikishwa, basi wakikutana walitikisiana vichwa kama watu wenye siri kubwa ya serikali. Kijiji kikamaliza chenyewe: wengine wakasema anakuja waziri, wengine balozi, na muuza vitumbua akaapa kuwa ni balozi na mkewe.

Siku tatu mfululizo korongo lilijaa watu. Mawe yakapangwa, kifusi kikashindiliwa, Mwenyekiti mwenyewe akatoka malengelenge. Zuleha alibeba karai kwa unyenyekevu wa kutia shaka, na jioni ya Ijumaa akachukua simu ya bibi, akampigia Evance, dereva wa trekta, kumwambia kwamba njia imepona.

Jumamosi ngoma zililia. Mwenyekiti alivaa suti yake ya harusi, ambayo kifungo chake kilikuwa kimemkataa tangu zamani. Saa nne na robo trekta likanguruma, likavuka korongo bila hata kuyumba, likasimama. Nyuma yake palikuwa na kitu kirefu kilichofunikwa turubai. Mwenyekiti akauliza mgeni yuko wapi.

"Si huyu hapa, Mwenyekiti," Evance akasema. "Kilo mia nne na ishirini. Naomba wanaume kumi wa kumshusha."

Ngoma zikanyamaza. Uso wa Mwenyekiti ukaanza kubadilika rangi, lakini Bi Asia alimwahi kwa kigelegele, na akina mama wote wakamfuata. Hakuna kiongozi aliyewahi kushinda vigelegele.

Chakula cha mgeni kilikuwa kimeshaiva, na wali haumwagwi, basi wakaingia ofisini kula. Mtendaji alipofika kwenye mchuzi wa kuku, akaokota kiazi, akakitazama, akakigeuza. Kilikuwa na herufi, zimekaa kinyumenyume.

"Mwenyekiti, huu muhuri ni wako?"

"Mimi nilijua ni wako."

Bi Asia akasogea kuangalia, kisha akageuka polepole kumtafuta mjukuu wake.

"Mke mwenzangu," akasema, "kiazi hicho nilikitoa chini ya kitanda chako. Nikadhani panya ndio wamekitafuna."

Zuleha alikuwa ameshafika mlangoni. Akarudi, akasimama kama yuko mbele ya mwalimu wa zamu, mikono nyuma.

"Shikamooni," akasema. "Panya ni mimi. Tangazo ni langu na muhuri ni wangu, na sakafu ya zahanati nitaipiga deki hizo wiki mbili. Ila kwenye uzito, Mtendaji, sikudanganya."