Chupa Ishirini na Nne za Nyanya

Shangazi, hizi nimeshatia ndimu au bado, ndivyo alivyouliza mtoto, sasa ndiyo anamsikia, sasa nyanya zimeshachemshwa ndani ya chupa zake, zimeopolewa, zimepangwa ishirini na nne juu ya meza ya jikoni zikipoa, na yeye amesimama na kitambaa mkononi anafuta shingo ya chupa iliyokwisha kukauka zamani... aliuliza akiwa juu ya kigoda, huyu binti wa kaka yake wa miaka minane waliyembandika jina la Kijiko kwa kuwa kazi ya ndimu ni yake, vijiko viwili kila chupa kabla ya kufunikwa, na hakuna aliyemjibu, bibi yake alikuwa ameinamia moto, na shangazi mtu alikuwa kwenye hoja ya tatu, tena hoja tamu, kwamba kwa nini kaka amejilaza sebuleni na gazeti usoni ilhali nusu ya chupa hizi ni za nyumbani kwake, nani alipitisha kwamba maji ya moto huunguza mikono ya wanaume tu, na mama bila hata kugeuka kutoka motoni akasema, ukimaliza kuhutubia nipe koleo, Kijiko akacheka, mdogo wake akacheka kwa kuwa Kijiko amecheka, naye akapandwa na mori akaongeza hoja ya nne... na alikuwa na haki, hilo haliondoki, kaka bado yuko sebuleni na mkoromo wake unasikika hadi hapa, ila haki hiyo inamsaidia nini sasa, chupa ipi ina ndimu na ipi haina, hebu tulia, fikiri, wewe si ndiye unayesifiwa kwenye midahalo ya chuo kwa kupanga hoja, moja, utaratibu wa nyumba hii ni kitambaa chekundu, chupa iliyotiwa ndimu huhamia juu ya kitambaa, ambayo bado hubaki kwenye mbao, mama hana daftari wala alama nyingine, kitambaa tu, miaka yote, na kitambaa chenyewe kiko wapi, kiko kiunoni kwa yule mdogo wa miaka minne, amejifunga, anatembea kwa madaha mlangoni, ni bibi harusi. Ulikichukua lini mwanangu, anamuuliza kwa sauti ya chini, na mtoto anajibu, jana, kwake yeye kila kilichopita ni jana, ulikichukua chupa zikiwa juu yake, ee, zilikuwa ngapi, nyingi, na uliziweka wapi, na wenzake, anasema bibi harusi, akaendelea na safari yake... tik, kifuniko kingine kimenywea kwa kupoa, chupa imejifunga, na mama kule kwenye beseni anahesabu kwa furaha, ishirini na moja, zinashika vizuri mwaka huu, na kila ikilia tik anahisi kama mlango unafungwa na yeye yuko nje, maana kikishanywea kifuniko chupa zote ni sura moja, nyekundu, nzuri, hazisemi. Mbili, bakuli la maji ya ndimu ni tupu, ndimu zilikamuliwa za kutosha chupa ishirini na nne, bakuli likiwa tupu maana yake zote zimetiwa, hitimisho, kaa chini, makofi... lakini Kijiko alikuwa akionja, alimwona kwa macho yake, kijiko chupani kijiko kinywani, anakunja uso na kurudia, akamwacha kwa sababu alikuwa anamalizia sentensi, kwa hiyo huenda nyingine zimetiwa mara mbili na nyingine hazina hata tone, na kwani kuna nini, ni nyanya tu, nyanya zina ukali wake... hapana, mama alishasema, hizi za bustanini ni tamu mno, bila ndimu zinaweza kuotesha sumu ndani ya chupa, sumu isiyo na harufu wala rangi, mla hajui mpaka ameshakula, na wa kula ni nani, wifi yake mwenye mimba ya miezi saba, ndiyo sababu watoto wako hapa, apumzike, ni hao hao watoto, ni Kijiko. Huenda zote ziko sawa, huenda ni mbili tu, au sita, ungesimama upande wowote ungeshinda, zimetiwa, hazijatiwa, angewafunga midomo majaji kwa vyote viwili, na chupa isingebadilika, ndilo linalomchanganya, kwamba hapa hakuna wa kumshinda... Kijiko, anaita mama akipangusa mikono, baba yako akiamka apakie zake, ndimu uliweka zote mjukuu wangu, na mtoto anamtazama shangazi yake, anangoja aonyeshwe jibu ni lipi, macho yamemtoka, midomo bado myeupe kwa ukali wa ndimu, na hapo inamjia, laini kabisa, jinsi ilivyo rahisi, atikise kichwa tu, ndiyo, mtoto ataitikia, ndiyo bibi, na likitokea la kutokea kijiko kilikuwa mkononi mwa nani, kazi ilikuwa ya nani, tayari anajiona akiipanga, hoja ya kwanza, ya pili, na ni nzuri, inasimama, ndiyo mara ya kwanza anaiogopa akili yake mwenyewe... kule sebuleni gazeti linachakarika, kaka anageukia ubavu wa pili, kitambaa cha kufutia bado kiko mkononi, chupa bado ni ileile, mama bado anangoja.

Mama, mwache mtoto, kosa ni langu. Naomba tuzifungue zote, tuanze upya.