Wanawake wa Kwenye Kitenge cha Jubilei

Jumanne moja asubuhi, mwaka 1998, Flavia, aliyekuwa ugenini kwa biashara, alikuwa kiwandani kwa Liang, mchapaji wa Kichina, huko kwao Sanyuanli, akikagua vitenge vya jubilei ya parokia yao ya Msinde. Picha aliyopewa kutoka nyumbani ilimwonyesha padri mwanzilishi, Mwairishi mwenye ndevu, amesimama peke yake mbele ya kanisa la mawe. Kitambaa kilipotoka mashinani kilikuwa na padri, na kanisa, na nyuma ya padri kundi la wanawake wenye mawe kichwani.

"Hawa umewaongeza wewe?" Flavia aliuliza.

"Wamekuja wenyewe," Liang alijibu kwa Kiingereza cha sokoni, huku akimimina chai. "Bei ile ile."

Flavia aliwajua. Wa kwanza alikuwa bibi yake, Jovitha, aliyeanguka mtoni akiwa na jiwe la kanisa hilo na asiinuke tena. Jiwe waliliokota, wakajengea. Pale aliposimama Jovitha kitambaa kilikuwa kimelowa, na hata Liang alipokipiga pasi hakikukauka.

Alikipeleka kwa Theophil, mwenyekiti wa kamati ya jubilei, aliyefikia hoteli moja mtaa wa Xiaobei, mji huo huo, alipokuja kununua redio. Theophil akavaa miwani.

"Dada Flavia, hawa watoe."

"Ndio waliojenga."

"Historia ya parokia inasema padri alijenga kwa mikono yake."

"Lile kanisa lote? Mungu mwenyewe alipumzika siku ya saba, yeye hakuchoka?"

"Usinitanie. Askofu anakuja. Watoe."

Kwa heshima ya kamati, Flavia alirudi kwa Liang, picha ikachorwa upya. Wanawake wakatokea tena, safari hii wakiwa wamesogea mbele ya padri, na mmoja kambeba mtoto mgongoni. Liang akasema mashine ni nzima kabisa. Hapo ndipo Flavia alipochemka. Jamani! Marehemu wa watu wamevuka bahari yote ile na mawe kichwani, halafu yeye mzima aone haya kwa sababu ya miwani ya Theophil? Thubutu!

"Chapa mzigo wote," alisema.

Theophil alitafuta mchapaji mwingine, akachapisha vitenge vyake, padri peke yake, kwa ajili ya kamati. Vilitoka safi, vikavu. Vyote vilipakiwa kontena moja. Robota la Theophil lilibebwa na kijana mmoja. La Flavia waliitana wanne, wakapumzika njiani.

Jumapili ya jubilei Flavia alikuwa bado huko huko ugenini, hakutoka chumbani kwake. Jioni mdogo wake, Albina, akapiga simu kutoka kwa masista wa Msinde.

"Historia wameisoma?"

"Vile vile. Alijenga kwa mikono yake."

"Na ninyi?"

"Tulikuwa tumevaa vyako, dada. Tukasimama. Hakuna mwanamke aliyekaa mpaka misa inaisha, na sakafu yote imelowa."

"Theophil je?"

"Askofu alimwuliza mbona hawa hawakai. Akamjibu, wanawake wa Msinde wana ibada sana. Basi askofu akatubariki."

Flavia akasonya kwa nguvu. Uchungu ulimpanda mpaka machozi yakamtoka, akayafuta kwa hasira. Kesho yake alikwenda kuagiza mzigo wa pili, na safari hii hakuchukua picha yoyote. Liang alipouliza achape nini, alimwambia awashe mashine tu.