Brashi ya Mkate

Mwenzangu tunayeoka naye mikate kwenye tanuri ni Mkristo, na anakula nguruwe. Mimi ni Mwislamu, sili. Kwa miaka kumi na moja jambo hilo halikutusumbua: chakula chake anakula nje, kwenye tofali nyuma ya kuni, bakuli lake halivuki mlango, na akirudi ananawa kwa sabuni mpaka viwiko. Sheria hiyo niliiweka mimi. Hakuwahi kunung'unika.

Jumatatu asubuhi nilikuwa napaka mafuta mikate iliyotoka motoni, brashi ikaacha unywele juu ya mkate. Mwenzangu akauchomoa, akautazama kwenye mwanga, akausogeza kwenye kaa la moto, akanusa. Akaanza kucheka peke yake.

"Kaka, huyu ni nguruwe."

Nikamwambia utani wake aupeleke kwao. Akasema hukohuko kwao walifuga, unywele wa nguruwe anaujua: mgumu, na nchani umepasuka. Nikavua aproni, nikaenda na brashi mpaka dukani nilikoinunua. Muuzaji akaniambia kwa fahari kwamba ni nywele halisi za nguruwe, imeandikwa kwenye mpini. Mimi niliishia darasa la tano. Maandishi yale ya kigeni niliyachukulia kama urembo.

Nikachanganyikiwa. Bakuli la plastiki nimelikataza mlangoni, kumbe nguruwe nimemshika mwenyewe. Lakini ni unywele tu, si nyama. Umegusa mafuta, mafuta yakagusa mkate, mkate ukaliwa na nusu ya mtaa. Sasa nani amekula nini? Nikaenda kwa imamu. Akasema wanazuoni wamehitilafiana, wapo wanaouona unywele safi, ila kwa madhehebu yetu sisi ni najisi. Niliyofanya bila kujua hayana dhambi. Vyombo nioshe mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Nikauliza, na kuta za tanuri je? Akaniuliza kama huwa nazilamba.

Hayo yote ningeyabeba. Kilichonikaba ni mama. Tangu augue, tumbo lake linapokea mkate wangu tu, vipande viwili asubuhi na kimoja jioni. Akijua, atafunga mdomo, namfahamu. Na mkate uliobaki nyumbani ulikuwa wa jana. Niutupe kimyakimya, kesho nimpe mpya ulio safi? Hapo nitakuwa simdanganyi. Au ndiyo namdanganya?

Jioni nilimkuta ameshakishika kipande chake. Sikuwa nimeamua lolote, mdomo ukasema wenyewe. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulijua?"

"Sikujua, mama."

"Nani amegundua?"

Nikamtaja mwenzangu.

"Yule unayemlisha nje?"

Akakirudisha kipande kwenye sahani, akageukia ukutani. Jioni hiyo hakula. Asubuhi pia hakula, hata nilipomweleza aliyosema imamu.

Siku hiyo tuliosha trei mara saba. Udongo alikwenda kuchota mwenzangu bila kuombwa, na nilipopoteza hesabu alinikumbusha kwamba ile ilikuwa ya tano. Tukaoka bila brashi. Nikampelekea mama mkate ungali moto.

Akauliza vyombo ameosha nani. Nikasema sisi wawili. Akaugeuzageuza mkate.

"Mbona umepauka? Kama mgonjwa mwenzangu."

Akamega, akatafuna polepole, akasema ni mbaya. Akala kipande kizima na nusu ya kingine. Sijui ni maneno ya imamu, njaa, au kuna jambo jingine alilokuwa akilisubiri. Sikuthubutu kumuuliza.

Nikarudi kazini. Mchana mwenzangu alipochukua bakuli lake, nikamwambia, bila kuwa na hakika kama inafaa, kwamba leo anaweza kula ndani.

"Ndani kwako?" akasema. "Kuna nguruwe humo."

Akatoka akakaa kwenye tofali lake. Nikachukua mkate wangu uliopauka, nikavuta tofali jingine, nikakaa. Si karibu sana.