Shusha Kwa Bi Sikujua

Kosta yetu inatoka stendi ya Kibiti asubuhi, inapita Mtawanya, halafu inashika njia ya mchanga kuelekea delta mpaka gati ya Mikokoni. Hapo barabara inakwisha na maji yanaanza. Kabla ya Kosta hii watu walikuwa wanapanda malori ya mkaa, na ukishuka hata mama yako anakuuliza unamtafuta nani.

Vituo vyetu havina vibao, vina majina ya watu. Kuna Kwa Zebedayo, mwenye duka aliyekuja kutoka bara. Kuna Kwa Fikirini, ijapokuwa Fikirini mwenyewe alishahamia Ikwiriri na watu wake. Halafu kuna Kwa Bi Sikujua, ambako hakuna mtu wala nyumba. Kuna mikorosho tu, na tairi la lori lililopakwa chokaa.

Bi Sikujua alikuwa anasuka mikeka na kuiuza Kibiti. Ndiye aliyemwandama Abdala, mwenye gari, mpaka Abdala akachoka kukataa, akaileta Kosta huku. Siku moja bibi akawa anarudi kwake, akasinzia kwenye kiti cha nyuma, mkeka umekunjwa mapajani. Konda wa wakati ule hakumwamsha. Mzee Haidari, dereva wetu mpaka leo, akalipita tairi, kwa sababu desturi ni moja: anayetaka kushuka atasema. Walipofika gatini bibi alikuwa ameshakata roho. Mvua zilikuwa zimekata barabara nyuma yao, akazikwa hukohuko, mbali na kwake. Mafuriko ya msimu ule yakaichukua na nyumba yake.

Tangu hapo, kila tukilikaribia tairi, nyuma ya gari mtu anasema, "Shusha."

Mzee Haidari anasimamisha. Konda anashuka kwanza, ananyoosha mikono apokee mzigo, anasema, "Shuka taratibu, bibi." Tunangoja kama mtu mzima anavyongojewa kwenye ngazi, kisha tunaondoka.

Siku niliyoanza kazi ya ukonda niliipokea ile hewa nikaiuliza kama kwenye mzigo kuna mayai. Abiria wakacheka. Mzee Haidari hakucheka.

"Bashiru," akaniambia, "ukimaliza kuchekesha watu, funga mlango."

Miye niliamini anayesema ni Zena. Zena anauza vitumbua gatini, anakaa nyuma kila safari, na ana sauti nyingi kuliko redio. Nilikuwa namwambia, "Zena, leo bibi ana mafua?" Naye ananibinulia mdomo. Nikajua nimemkamata.

Sasa, siku ya nesi Vicky.

Vicky ni mtu wa Songea, hajamaliza hata msimu mmoja wa mbu wa huku. Alipanda na kisanduku cha chanjo, amekikumbatia kama mtoto wa kwanza. Surua ilikuwa imeingia vijiji vya ndani ya delta na imeshaondoka na mtoto mmoja. Mwinyimvua, nahodha wa gatini, angemvusha kwa boti, lakini boti yake inataka maji yaliyojaa. Yakianza kutoka, mkondo unabaki tope mpaka kesho, na barafu ya kwenye kisanduku haina kesho.

Kama kawaida ya siku za haraka, tairi likapasuka Mtawanya. Tulipomaliza kulibadilisha jua lilikuwa limeshapanda.

"Mzee wangu, tutamkuta?" Vicky akauliza.

"Tukienda bila kusimama ovyo, tutamkuta," mzee Haidari akajibu, akakanyaga mafuta.

Tairi jeupe likatokea mbele.

"Shusha," ikasema sauti nyuma. Sauti ya mtu aliyeamka sasa hivi.

Mguu wa mzee ukaenda kwenye breki. Vicky akageuka. "Nani anashuka?"

Abiria walikuwa wachache, kila mmoja akawa na shughuli na vidole vyake.

"Hakuna mtu, mzee. Nakuomba twende. Kule kuna watoto."

Mzee Haidari alikitazama kisanduku kwenye kioo. Midomo yake ikacheza kidogo, kisha akauondoa mguu. Tairi likatupita.

"Zena, punguza basi," nikasema, nikageuka nimcheke.

Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu. Ndipo nikakumbuka kwamba Zena alishuka Mtawanya, alikuwa na msiba.

Tukaenda. Mikorosho, mchanga, mikorosho. Nikaona kwamba siwasikii ndege. Hata injini ilinguruma kwa mbali, kama inasikika kutoka chini ya maji. Kufika Kwa Fikirini kutoka pale ni karibu, unafika kabla hujamaliza mua. Hatukufika. Mbele yetu, upande uleule, likatokea tairi la lori lililopakwa chokaa.

"Wamepaka na jingine?" Vicky akauliza.

Nikashika nguzo ya mlangoni.

"Shusha." Safari hii sauti ilitoka viti vya katikati. Mzee mmoja aliyekaa hapo akahamia mbele.

Mzee Haidari alikuwa ameushika usukani kwa nguvu, jasho linamtoka. Nadhani alishindwa kuamini kwamba anaweza kumpitisha mtu yuleyule mara ya pili. Akakitazama tena kisanduku, tukapita. Mikorosho, mchanga. Nilitafuta la kusema la kuchekesha, nikakosa. Tairi likaja tena.

"Shusha."

Sasa ilikuwa nyuma ya sikio langu, mlangoni, pale anaposimama abiria aliyejiandaa. Haikuwa na hasira. Ilikuwa imechoka tu.

Vicky akaniangalia, akaangalia nafasi iliyokuwa nyuma yangu. Akapiga bodi ya gari kwa kiganja.

"Shusha, mzee," akasema. "Simama. Kuna mtu anashuka."

Kosta ikasimama. Nikateremka. Nikanyoosha mikono.

"Shuka taratibu, bibi."

Kikawekwa kitu mikononi mwangu. Kirefu, kimekunjwa, kizito kiasi cha mkeka wa watu wawili, kinanukia ukindu mbichi na rangi. Sikukiona. Nilikishika. Kisha springi za gari zikalia na ngazi ikanyanyuka, kama mtu ameondoa mguu wake, na mzigo ukachukuliwa kwenye mikono yangu polepole, kwa adabu.

"Utusamehe, bibi," Vicky akasema kutoka dirishani. "Tulikuwa na haraka."

Ndege wakaanza kulia wote kwa pamoja.

Tukafika gatini. Kwa kadiri ya jua, maji yalipaswa kuwa yameshatoka. Mwinyimvua alikuwa amesimama ndani ya boti, kamba mkononi, anautazama mti aliouchomeka ukingoni kupimia maji.

"Nimeshafungua zamani," akasema. "Nikasema nesi hayupo, nijiondokee. Lakini maji yamegoma kutoka. Yamesimama tu hapo. Panda, dada, kabla hayajabadili mawazo."

Vicky akaingia na kisanduku chake. Akafungua kifuniko, akagusa. "Barafu ipo," akasema, uso ukamlegea. Boti iliposukumwa, alama ya unyevu ikaanza kuonekana kwenye ule mti. Maji yanatoka. Wakaingia kwenye mikoko.

Mzee Haidari alikuja akasimama kando yangu.

"Alikupa nini?"

"Mkeka."

"Makonda wote kabla yako walipokea hewa." Akayatazama maji. "Uliuweka wapi?"

"Aliuchukua mwenyewe."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda peke yake upande wa makaburi.

Sauti haijasikika tena, na Kwa Bi Sikujua bado tunasimama. Ila ukipanda gari letu ukasinzia nitakuamsha, hata kama unakwenda mwisho wa njia, na nitakuuliza unashukia wapi, na nitangoja unijibu. Usinitukane.